"Go off": kengele ikilia ni off, taa ikizimika nayo ni off. Tuelewane hapa

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Nianze na aibu yangu, wanaotaka kucheka wacheke mapema tuendelee na kazi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku, kazi yangu kupokea taarifa na kuzifikisha panapohusika. Kwenye saa tisa na dakika chache ikaingia meseji ya mwenzangu aliyekuwa jengo la pili: "The alarm went off at three." Nikaona "off", nikaona swichi. Kichwani mwangu off ilikuwa moja tu, ya kuzima. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Good. Leave it like that."

Yaani king'ora kimelia, mtu anataka msaada, mimi nampongeza. Asubuhi nilielezwa maana ya "went off" kwa sauti ambayo sijaisahau mpaka leo. Bahati ilikuwa yangu, dirisha lililoachwa wazi ndilo lililokiamsha king'ora, hakukuwa na mwizi wala moto.

Tangu siku ile nakifuatilia hiki kitenzi kama mtu anayedai. Kengele ikilia, Mwingereza anasema "it went off". Bomu likilipuka, "it went off". Taa ikizimika, "it went off". Maziwa yakichacha, hivyo hivyo. Mtoto akipitiwa na usingizi, "he's gone off". Mtu akikuwakia bila kosa, "he went off on me". Mke wa mtu akiondoka na mwanamume mwingine, "she went off with him". Zege likishika, mafundi wa Uingereza wanasema "it's gone off". Halafu tunaambiwa hiki ni kitenzi kimoja.

Shuleni tulipewa orodha. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, kariri, kesho mtihani. Orodha ile haivuki wiki. Nataka nijaribu njia nyingine, nikikosea mnirekebishe.

Hoja yangu ni hii: tuache kuitafsiri "off" kama "zima". Tuichukue kama kuachana. Kitu kilikuwa kimeshikamana na kitu kingine, sasa kimebanduka. Kimebanduka kutoka kwenye nini, hilo "off" haisemi. Unalisoma kwenye kiima, yaani kile kinachotajwa kwamba kimefanya hiyo "go off".

Chukua bunduki. Ndani yake kuna kinyundo kilichovutwa nyuma na kuzuiwa. Kidole kikivuta, kizuizi kinaachia, kinyundo kinapiga. Chukua saa ya mezani ya zamani, zile za kujaza ufunguo. Springi ya kengele imekazwa tangu jioni, kuna kidude kinaishikilia isikunjuke. Saa uliyopanga ikifika kidude kinaachia, nyundo inaanza kugonga. Bunduki na saa, vyote vilikuwa vimezuiwa, kisha kizuizi kikaondoka. Ndiyo maana vyote "go off", na sauti inatoka.

Sasa taa. Taa haikuzuiwa na kitu, taa ilikuwa inalishwa. Ukibonyeza swichi, chuma kinaachana na chuma, umeme haupiti. Taa nayo imebanduka, ila imebanduka kutoka kwenye chakula chake. Tendo ni lile lile la kuachana. Aliyefungwa akiachwa anatimka, aliyekuwa akilishwa akiachwa anazimia. Matokeo yanapingana kwa sababu hiyo tu.

Maziwa yameachana na hali yake nzuri. Na ukisikia "I've gone off him", usitafute swichi. Ni moyo umembanduka. Sisi wenyewe husema "amenitoka moyoni", na hakuna anayeuliza ametokea mlango gani.

Tena Kiswahili kina jambo hilo hilo, ila sisi tumelificha mkiani mwa kitenzi. Bandika, bandua, banduka. Funga, fungua, funguka. Fyatua, fyatuka. Mkia wa "-uka" unafanya kazi ambayo Mwingereza, kwa kukosa mkia, anaining'iniza nje kwa kineno kidogo. Mtego umefyatuka, bunduki imefyatuka: hiyo ndiyo "went off" kwa usafi wake wote.

Nawasilisha. Rungu zije.

Kalamu Nyekundu

Mkuu, uzi mzuri, ila umepamba mno. Nina maswali matatu.

La kwanza, mshumaa. Mshumaa ukizimika ni "the candle went out". Ukisema "the candle went off" mtu atafikiri ulikuwa na baruti ndani. Kwa nadharia yako mwali umeachana na utambi, kwa nini isiwe off?

La pili, mkia wako wa "-uka". Anguka imetendua nini? Kumbuka? Ruka? Hata lipuka, niambie kitenzi "lipa" kilichotenduliwa hapo ni kipi. Si kila "-uka" ni kubanduka.

La tatu ndilo zito zaidi. Nadharia yako ni ya mtu aliyeona majibu kwanza. Ukishajua kwamba maziwa "went off" maana yake yamechacha, ni rahisi kusema yameachana na uzuri wake. Mtu asiyejua angeweza kusema yameachana na chombo, yaani yamemwagika. Au yameachana na ubaridi. Nadharia inayoeleza kila kitu baada ya tukio ni hadithi nzuri, lakini haitabiri.

Mleta uzi

Kalamu Nyekundu, kwenye la pili nimekubali, nilipakia mzigo mkubwa kuliko gari. Banduka, funguka na fyatuka nabaki nazo, lipuka sikuitaja kwenye mkia lakini nilikuwa naielekea, umeniwahi.

La tatu nimekubali nusu. Ni kweli haitabiri. Mimi naitumia kama msumari wa kutundikia maana nikishaelezwa, isinidondoke. Kwa kazi hiyo imenisaidia kuliko orodha.

La mshumaa nimelifikiria sana kabla hujauliza. Kuna kipimo kimoja kinachofanya kazi: jiulize kama kitu hicho unaweza kusema "it's on". Taa, "it's on". Televisheni, "it's on". Hita ya umeme, "it's on". Hivyo vyote vikizimika vinaweza "go off". Mshumaa hauwi "on", mshumaa ni "lit". Kwa hiyo hauna off, unakwenda "out", pamoja na moto wa kuni na sigara. Taa ina bahati, inakubali zote mbili: "the lights went out" na "the lights went off". Nikisikia ya kwanza naona giza limeingia ghafla, ya pili naona mtu au mtambo umezima. Lakini wenyewe hawashiki sana tofauti hiyo.

Kalamu Nyekundu

Kipimo chako nimekipenda kwa dakika moja nzima, kisha nikakumbuka king'ora chako. "The alarm is on" inasemwa kila siku. Maana yake kimetegwa. Basi kwa kipimo chako kiki-"go off" kimezimika. Umerudi kule kule kwenye meseji ya saa tisa.

Mleta uzi

Hapo sina ujanja. Umenikamata na ushahidi wangu mwenyewe.

Niseme hivi: vitu vinavyotegwa vina "on" ya kutegwa, na off yake kwenye "go off" ni ya kufyatuka. Ukitaka kukinyamazisha unatumia "turn off" au "switch off". Hakuna Mwingereza atakayesema "the alarm went off" akimaanisha kimezimika. Hilo ni la kukariri, sina msumari wake.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimesoma kimya kimya, sasa niongeze machache ya darasani.

Mnahangaika na jambo la zamani. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji kwamba hii desturi ya kubadili maana ya kitenzi kwa kukibandikia kineno nyuma ndiyo inayowapa wageni taabu kubwa kuliko zote. Mfano wake wa kwanza ulikuwa "come off", off hiyo hiyo. Jina wanaloliita leo, "phrasal verbs", lilienea baadaye sana: Logan Pearsall Smith alilitumia mwaka 1925, akasema alipendekezewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Kwa hiyo wenyewe waliishi na kitu hiki karne nyingi kabla hawajakipa jina, na mgeni ndiye aliyekuwa analia.

Kuna jambo litakalompa nguvu mleta uzi. "Of" na "off" zilikuwa neno moja. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na "of" tu, na maana yake ilikuwa "kutoka, mbali na". Lilipotamkwa kwa mkazo likabaki na nguvu, lilipotamkwa haraka katikati ya sentensi likalegea. Taratibu yakawa maneno mawili, na mgawanyo wa maandishi ulikamilika baada ya mwaka 1600. Ndiyo maana leo "off" ina sauti ya f na "of" ina sauti ya v. Swichi ya umeme ilikuja muda mrefu baadaye, ikakuta neno lipo kazini. Kuzima ni maana ya mjukuu. Babu yake ni kuondoka.

Na kwa kuwa mmelishika "went": nalo si la nyumbani. Ni wakati uliopita wa "wend", kitenzi kingine kabisa, kilichohamia kwa "go" na kulisukuma umbo la zamani nje. Kwa hiyo "went off" ni wapangaji wawili waliokutana njiani.

Sasa sarufi, ambayo ndiyo huwaangusha wanafunzi kuliko maana.

"Go off" haibebi yambwa kwa maana ya kulia, kulipuka au kuzimika. Huwezi "go off the bomb". Huwezi kusema "the alarm was gone off by the thief". Ukitaka kumtaja aliyesababisha, unabadilisha kitenzi, na hapa muwe macho: aliyekiliza king'ora, hata kwa bahati mbaya, "set it off". Aliyekizima, "turned it off". Off mbili, kazi mbili zinazopingana, kwenye king'ora kimoja. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika "I turned off the alarm by mistake and everybody ran outside". Nilikaa nayo dakika nzima kabla sijaelewa kwamba alitaka kusema amekiliza.

Kiswahili hapo kinatupa raha: lia, liza. Zimika, zima. Lipuka, lipua. Kitenzi kinabaki kile kile, tunakivuta tu. Mwingereza analazimika kwenda kutafuta kitenzi kingine.

Maana moja tu ndiyo inayokaribisha jina nyuma yake, ile ya kuchoka kitu: "I've gone off coffee", "she's gone off him", "he went off the idea". Lakini pale "off" ni kihusishi na jina ni lake, siyo la "go". Ndiyo maana unaweza kusema "take it off" ukimwambia mtu avue koti, lakini huwezi kusema "I've gone him off" hata mbele ya mwalimu aliyesinzia.

Mtafsiri wa Usiku

Mwalimu, shikamoo. Umenifungua macho kwa hiyo ya of na off.

Mimi nafanya tafsiri za chini ya filamu, zile za kusomeka kwa sekunde tatu, na "go off" imenitoa jasho kuliko matusi. Nitatoa niliyoyaokota.

Simu. "My phone's been going off all morning." Nimewahi kuona imetafsiriwa "simu yangu inazimika tangu asubuhi". Mhusika kwenye picha ameshika simu inayonguruma, maandishi chini yanasema imezimika. Tafsiri yangu: "simu yangu haijanyamaza tangu asubuhi". Tazameni, Mwingereza anataja kulia, mimi nataja kutonyamaza, na hakuna aliyepunjwa.

Nyakati. Hapa ndipo pana utamu. "The milk is going off" maana yake yameanza kuharibika, wahi uyatumie. "The alarm is going off" maana yake inalia sasa hivi, masikio yanauma. Umbo moja, lakini la kwanza ni safari ya polepole na la pili ni kelele iliyokwisha kuanza. "The milk has gone off" ni hali, ukiyaonja yatakukunja uso. "The alarm has gone off" ni tukio, huenda imeshanyamaza. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri naangalia kiima, kisha naangalia wakati, ndipo nagusa "off".

Shughuli. "It went off well", "it went off without a hitch". Hizi ukizitafsiri neno kwa neno umekwisha. Sherehe ilifana. Mkutano ulipita salama. Mpango ulikwenda bila dosari. Kitenzi "kufana" kwa sherehe ni zawadi tuliyopewa, tukitumie.

Hasira. "He went off on me": aliniwakia. Hiyo "-ia" ya kuwakia imebeba "on me" yote. Uingereza wana "go off on one", mtu kupandisha na kuporomosha maneno bila breki, na hiyo "one" haimtaji mtu yeyote, msihangaike kumtafuta.

Maumivu. "The pain's gone off a bit", Waingereza tena: maumivu yametulia kidogo. Mmarekani hawezi kukuelewa haraka hapo.

Na mipaka ya nchi ni muhimu kweli. Maziwa "to go off" ni ya Uingereza, Australia na majirani zao wa lugha. Marekani wengi wanasema "go bad" au "spoil". Kumchoka mtu, "go off him", ni ya Uingereza zaidi. Kengele, bomu na bunduki ni za wote. Australia nao wana nyongeza: sherehe ikichangamka mpaka kuta zinatikisika, "it's going off". Yaani kwa mmoja kitu kimeharibika, kwa mwingine kimenoga.

Baharia wa Maneno

Mnamsikitikia mwanafunzi wa Kiingereza, hamjamwona mgeni anayejifunza Kiswahili.

"Enda" yetu peke yake ina vituko. Anakwenda zake: hizo zake ni nini, mali? Anakwenda haja: haja iko wapi, tuipate kwenye ramani? Mambo yamekwenda kombo. Mambo yamekwenda mrama. Hiyo mrama ni ya baharini, chombo kuyumba huku na huku, leo hata mtu asiyewahi kuona jahazi anasema biashara imekwenda mrama. Na sijaingia kwenye "piga": unapiga simu, unapiga pasi, unapiga picha, unapiga magoti, unapiga chafya, unapiga deki, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeumia.

Nilitaka kusema hivi: "akaenda zake" ndiyo "he went off" iliyo karibu kuliko zote mlizotaja. Hakuna mlio, hakuna mlipuko. Mtu ameachana na mahali, kaenda zake. "She went off to university", kaenda zake chuoni. "He went off without saying goodbye", kaenda zake bila kuaga. Hiyo ndiyo maana mama, mngeanza nayo, wengine wote ni watoto.

Mleta uzi

Baharia, umenipiga bao kwenye uzi wangu mwenyewe. Kwenda zake. Nimeandika aya kumi kuhusu kizuizi na springi na sikuiona.

Tena inafika mbali. Bunduki imekwenda zake kabla hujakusudia, na kweli "the gun went off" mara nyingi ina harufu ya bahati mbaya, ndiyo maana watuhumiwa huipenda: "it just went off", yaani mimi sikuwepo. Usingizi nao, mtoto kaenda zake. Maziwa tu ndiyo yanagoma, hayana pa kwenda.

Chipukizi

Wakubwa shikamooni. Swali la kizazi changu. Mtu akipakia video anaimba au amevaa vizuri, chini wanaandika "go off!" Sielewi wanamfukuza au wanamsifu? Na nimeona pia "go off, I guess", hiyo nayo?

Mtafsiri wa Usiku

Marahaba. Ya kwanza ni sifa. Jiachie, fanya yako, usimwogope mtu. Ni ile ile ya kufyatuka: mtu ameachia vyote alivyokuwa amevibana. Mimi huitafsiri "jiachie!" na naona inakaa vizuri, ina kuachia ndani yake.

Ya pili ni kejeli. Mtu ametoa hotuba ndefu isiyo na kichwa wala miguu, unamwambia "go off, I guess". Haya bwana, endelea. Hiyo "I guess" ndiyo inayomwaga sumu. Usiitumie kwa bosi.

Kalamu Nyekundu

Na kwa kuwa tuko kwenye hatari: wapo wengi wanaosema "off the light", kwenye Kiingereza cha nchi nyingi tu. Mwingereza ataelewa, lakini kwake "off" ikisimama peke yake kama kitenzi, na nyuma yake kuna mtu, ni msamiati wa majambazi: "to off somebody" ni kumuua. Taa unaiambia "turn off". Mtu usimguse na off kabisa.

Kwetu nayo imeshaingia na kupewa kazi yake: "leo nipo ofu", yaani sipo zamu. Hiyo imetoka kwenye "off duty", ambayo nayo ni kwenda zake. Baharia anazidi kushinda.

Mwalimu Mstaafu

Niwape zoezi, maana mnaongea sana. Sentensi tano, msifungue kamusi.

"She went off with me." "She went off on me." "She went off me." Hizo tatu zinatofautiana kwa kineno kimoja tu. Ya nne: "The heating went off just before the alarm went off." Ya tano: "I'd gone off by the time the fireworks went off."

Chipukizi

Najaribu. Ya kwanza, aliondoka nami. Ya pili, aliniwakia. Ya tatu, alinichoka, nikamtoka moyoni. Ya nne, hita ilizimika kidogo tu kabla kengele haijalia. Ya tano: nilikuwa nimeharibika wakati fataki zilipolipuka?

Mwalimu Mstaafu

Nne safi kabisa. Ya tano umejiharibu mwenyewe. Mtu hachachi kama maziwa. Hapo alikuwa ameshapitiwa na usingizi.

Kalamu Nyekundu

Mwalimu, kwa heshima, ya tano ina njia mbili. Inaweza pia kuwa "nilikuwa nimeshaondoka". Hakuna kitu kwenye sentensi kinachotuambia ni usingizi. Na mzungumzaji mzima akitaka kuwa wazi ataongeza "to sleep". Kama ungekuwa mtihani ningekata rufaa.

Mwalimu Mstaafu

Rufaa imekubaliwa. Chipukizi, alama nne na nusu.

Chipukizi

Nusu ya nini mwalimu, na mimi nilisema nimeharibika?

Mwalimu Mstaafu

Ya kulipuka kwa fataki. Hiyo uliipata.

Mtafsiri wa Usiku

Nina filamu ya dakika tisini inanisubiri na mhusika wa kwanza ameanza na "don't go off". Hajasema anamwambia mtu asiondoke, asiwake, au asilale. Mgongo wake ndio unaonekana, uso hauonekani. Nakwenda zangu.